Nimeitumia huduma ya MCA kutetea mikoko ya hori letu: nyota tatu na nusu

Huduma ninayoipima hapa ni ya mwakilishi wa wadi katika bunge la kaunti, yule tuliyezoea kumwita MCA, pale watu wa ufuoni wanapompelekea lalamiko la mazingira alifikishe mbele. Naipa nyota tatu na nusu kati ya tano. Nimeifuata kuanzia mlango wa ofisi ya wadi hadi kwenye matope ya hori, yaani mkono wa bahari unaoingia nchi kavu, na nina mengi ya kumwambia yeyote wa Pwani ambaye kesho ataamka akute lori linamwaga vifusi penye mikoko.

Mimi ni mama karanga. Nanunua samaki kwa wavuvi wa mitumbwi na madau, nakaanga, nauza jioni kando ya barabara. Tena ni mweka hazina wa kikundi cha wanawake kinachootesha miche ya mikoko na kufuga nyuki ndani ya msitu huohuo. Jina la mwakilishi wetu nimeliacha, na la wadi na kaunti pia. Ninachotaka msomaji akione ni kazi yenyewe, maana sheria inayomwongoza MCA ni moja katika kaunti zote sita za Pwani ya Kenya, kutoka Kwale mpaka Lamu na kule juu Taita Taveta.

Kilichotupeleka ni hiki. Mwenye kiwanja kimoja juu ya hori alianza kujaza ufuo kwa vifusi na mawe ya matumbawe ili apate uwanja mpana zaidi na ajenge ukuta. Malori yakamwaga mpaka juu ya mlango wa mkondo mdogo, ule ambao maji ya bahari hupitia kuifikia mikoko ya nyuma. Tangu hapo maji yakijaa hayaingii sawasawa, na yakiingia hayatoki. Mikoko ya mbele, iliyo ukingoni mwa hori, haikuonyesha shida yoyote. Shida ilikuwa nyuma, kwenye mchu, aina mojawapo ya mikoko. Mti wa mchu hupumua kwa vijiti vinavyochomoza kutoka matopeni. Vijiti hivyo vikifunikwa na udongo, au vikizama kwenye maji yaliyotuama wiki nenda wiki rudi, mti hufa umesimama. Majani yaligeuka manjano, yakapukutika, matawi yakabaki meupe. Wanawake wanaookota kome wakawa wanarudi na ndoo nusu, watega kaa wakahamia upande wa pili wa hori, na mimi nikaanza kuliona jambo hilo kwenye karai langu, maana kamba na mkizi wa hori hukulia palepale kwenye mizizi kabla ya kutoka nje.

Ofisi ya wadi iko kwenye jengo la vyumba viwili, nyuma ya zahanati. Bendera imepauka, viti ni vya plastiki, na feni haifanyi kazi. Lakini karani aliyepo pale ndiye sehemu bora ya huduma nzima, na ningeweza kumpa nyota tano peke yake. Ni binti wa makamo ya mwanangu wa tatu. Alitukaribisha, akatuuliza shida, na tulipoanza kusema wote kwa pamoja akafungua daftari na kusema, "Mama, nianzie wapi? Malori yalikuja lini mara ya kwanza?" Akataka kujua saa ngapi huja, hupita njia gani, udongo unatoka wapi, nani ameuona mkondo ukizibwa, nani ana picha. Akatuuliza kama ubao wa mradi umewekwa pale kiwanjani. Haukuwepo. Hilo akaliandika kwa herufi kubwa, kisha akatueleza sababu, na maelezo hayo ndiyo yaliyotufungua macho.

Kujaza ufuo, alisema, ni jambo lenye milango zaidi ya mmoja. Tathmini ya athari kwa mazingira ni ya NEMA, mamlaka ya kitaifa ya mazingira, chini ya Sheria ya Usimamizi na Uratibu wa Mazingira ya mwaka 1999. Mikoko yenyewe ni msitu wa serikali tangu tangazo la mwaka 1932, na leo iko mikononi mwa Huduma ya Misitu ya Kenya. Hati ya kiwanja haimpi mtu haki ya kuifukia. Lakini kibali cha ujenzi hutoka kaunti, chini ya Sheria ya Mipango ya Matumizi ya Ardhi ya mwaka 2019. Na hapo kwenye kibali ndipo MCA ana meno. Hawezi kumfutia mtu leseni ya NEMA. Anaweza kuisimamisha idara ya kaunti mbele ya kamati na kuiuliza: mliidhinisha nini, lini, na mliangalia nini?

Nalisema hili kwa kirefu kwa sababu watu wengi kwetu humlaumu MCA kwa yasiyo yake na kumwachilia kwa yaliyo yake. Sheria ya Serikali za Kaunti ya mwaka 2012, kifungu cha 9, inamtaka awe karibu na wapiga kura wake na ashauriane nao kuhusu mambo yaliyo mbele ya bunge. Kifungu hichohicho kinamkataza kujiingiza katika kazi za utendaji. Kifungu cha 15 kinampa kila mtu haki ya kupeleka ombi katika bunge la kaunti. Kwa hiyo nampima kwa hayo: je, alikuwa karibu? Alishauriana? Alilifikisha? Alirudi na jibu?

Kuwa karibu, mwanzoni, alikuwa karibu vibaya. Kabla hatujafika ofisini tulikuwa tumemwambia mdomo kwa mdomo, kwenye matanga ya jirani. Alipopewa kipaza sauti akalitaja jambo letu kwa ukali, watu wakapiga makofi. Akasema malori hayo atayasimamisha yeye mwenyewe. Kesho yake malori yakaja kama kawaida, na kesho kutwa. Kwa sehemu hii simpi kitu. Matanga si mahali pa kuahidi jambo usilo na mamlaka nalo, tena mbele ya wafiwa. Wazee waliokuwa na moyo wa kwenda kuzungumza na mwenye kiwanja walirudi nyuma wakisema mheshimiwa ameshalishika. Maneno ya kipaza sauti yalituchelewesha.

Kuna jingine lililoniudhi zaidi. Kwenye mkutano mmoja sokoni aliligeuza jambo la maji kuwa jambo la wenyeji na wageni. Sisi watu wa Pwani tuna uchungu wa ardhi, na uchungu huo ni wa kweli, una historia ndefu ya maskwota na hati zilizotolewa mbali na waliokuwa wakiishi hapo. Lakini malori yale yalikuwa ya kijana wa hapahapa, na vibarua waliokuwa wakisawazisha vifusi ni watoto wetu. Mchu haukufa kwa sababu ya kabila la mtu. Ulikufa kwa sababu mkondo uliziba. Nilimwendea baada ya mkutano nikamwambia hivyo, pamoja na bibi mmoja wa kikundi chetu ambaye kwa umri ni wa kumwita mwanangu. Alisikiliza. Sikumsikia akilirudia tena, na hilo nalihesabu upande wake.

Basi tukaandika. Karani alitupa muundo wa ombi: sisi ni nani, tunaishi wapi, tatizo ni nini, tumeshalipeleka kwa nani mwingine, na tunaliomba bunge lifanye nini hasa. Hicho kipengele cha mwisho tulikizungumza mpaka jua likazama. Wengine walitaka tuandike mwenye kiwanja afukuzwe. Mwishowe tukakubaliana mambo matatu yanayoweza kupimwa kwa macho: ujazaji usimame, idara ya mipango ilete mezani nyaraka za kibali, na vifusi vilivyoziba mlango wa mkondo viondolewe. BMU ya bandari yetu, yaani kikundi kinachosimamia ufuo na wavuvi, ikaweka muhuri wake, kikundi cha wanawake kikaweka wake, na watu wakatia saini na nambari za vitambulisho. Nakala tulizitoa kwa shilingi 10 ukurasa, tukazilipia kutoka mfuko wa kikundi.

Kuna kitu tulikiongeza kwa shauri la mwalimu mmoja mstaafu, na nashauri wengine wakiongeze. Wanasiasa husikia haraka panapotajwa kile ambacho kaunti inaweza kupata au kupoteza. Tukaandika habari za Gazi, Kwale, ambako jamii za Gazi na Makongeni zinahifadhi hekta 117 za mikoko kupitia Mikoko Pamoja, zinauza hewa ya kaboni, yaani hulipwa kwa kaboni inayohifadhiwa na mikoko hai, tangu miaka ya 2013 na 2014, na fedha zimeingia kwenye maji ya bomba na vitabu vya shule. Mwaka 2017 mradi huo ulipata Tuzo ya Ikweta ya Umoja wa Mataifa. Vanga nako wakafuata, katika eneo kubwa zaidi. Msitu wetu ni mdogo, hatukudai kwamba tutauza kesho. Tulitaka waheshimiwa wajue kwamba mti wa mchu uliokauka una bei, na kwamba kuna watu wa pwani hii hii wanaoipokea bei hiyo mti ukiwa hai.

Siku alipolisoma ombi bungeni tulimtazama kwenye simu, tumejazana kwenye kibanda changu, karai limeepuliwa. Hapa nampa haki yake yote. Alisema taratibu. Alitaja mkondo kwa jina tunalouita sisi. Aliwataja waokota kome kabla ya wavuvi, jambo ambalo sijawahi kumsikia kiongozi yeyote akilifanya, kwa kawaida sisi wanawake wa matopeni hatutajwi kabisa. Alisoma yale mambo matatu kama tulivyoyaandika, hakuongeza wala kupunguza, akaomba nyaraka za kibali ziletwe mbele ya kamati. Spika akalipeleka kwa kamati ya mazingira. Bibi yule wa kikundi akalia. Mimi nilijizuia, lakini nilielewa. Kusikia jina la mkondo wako likitamkwa katika jumba lile, na mtu aliyevaa suti, ni kitu kikubwa kwa mtu ambaye maisha yake yote ameambiwa ufuo si wake.

Sasa nije kwenye ziara ya kamati. Hapa ndipo huduma ilipokaribia kuharibika, na hapa ndipo ilipookoka.

Siku ya ziara ilipangwa mjini bila kumuuliza mtu yeyote wa bahari. Kwetu, siku za bamvua, yaani maji makubwa ya mwezi mwandamo na mwezi mpevu, maji hujaa mwendo wa saa kumi alfajiri na saa kumi alasiri, na mwendo wa saa nne asubuhi yamekupwa hadi mwisho. Kati ya kujaa na kupwa kimo hupita mita 3, na hori lote huwa matope matupu. Siku za maji mafu, yale madogo ya katikati, saa zinageuka: saa nne asubuhi ndipo maji yamejaa, na hata yakipwa jioni hayaendi mbali. Kamati ilikuja saa nne asubuhi ya maji mafu. Magari yakaegeshwa juu, waheshimiwa wakasimama ukingoni, wakatazama mbele yao. Walichoona ni maji matulivu na mstari wa mlilana na mkoko wa mbele, kijani kibichi. Mlango wa mkondo ulikuwa chini ya maji. Vifusi navyo vilionekana ncha tu. Mmoja wao akasema wazi kwamba yeye anaona msitu wenye afya.

Nilihisi miguu ikiniishia nguvu. Kazi yote ile, saini zote zile, zilikuwa zinakwenda kumalizwa na kalenda.

Mzee mmoja mvuvi, ambaye ametega malema katika hori lile tangu ujana wake, akasogea mbele. Hakubishana. Alimwambia mwakilishi wetu, "Mheshimiwa, hawa wageni wetu umewaonyesha uso wa nyumba. Waingize uani." Na MCA wetu akavua viatu, akakunja suruali, akaingia kwenye mtumbwi. Mwenyekiti wa kamati akasita, kisha mjumbe mmoja mama, mwenye buibui, akasema naye anakwenda, na mwenyekiti akafuata. Wengine walibaki chini ya mwarobaini wakinywa madafu. Tukawapeleka watatu hao kwa upondo, tukaizunguka mikoko ya mbele, tukaingia kwa njia nyembamba ya upande wa pili, mpaka penye uwanja wa mchu.

Pale hakuna aliyehitaji kueleza. Miti imesimama safu kwa safu bila jani. Maji yametuama, yana utando wa kutu na harufu ya yai bovu. Mzee akapiga upondo chini, ukazama, akautoa una matope meusi. Akaonyesha vijiti vya pumzi vilivyooza, akavivunja kwa vidole. Kisha akawaonyesha, hatua chache pembeni, mahali maji bado yanafika, ambapo mchu uko hai na miche midogo imeota yenyewe. Yule mheshimiwa mama aliuliza maswali mazuri: miti hii ikifunguliwa maji leo, itarudi? Mzee akasema iliyokufa haitarudi, ila mbegu zitaletwa na maji, na ardhi hiyo itajipanda yenyewe kama mkondo utaachwa upite. Ndivyo hasa tunavyojifunza sisi kitaluni. Mahali pengi panapokufa mikoko, kupanda miche peke yake ni kupoteza nguvu. Kwanza maji yarudi kwenye njia yake.

MCA alipiga picha kwa simu yake mpaka ikaisha chaji. Alipotoka, suruali imelowa hadi magotini, aliomba mbele ya kamati nzima kwamba ziara isihesabiwe kuwa imekamilika, na kwamba karani wa kamati arudi siku ya bamvua. Walirudi. Walipima upana wa mlango wa mkondo kwa kamba, wakaandika, wakahesabu miti iliyokufa wao wenyewe. Kwa asubuhi ile ya mtumbwi na kwa ombi lile nampa nyota nzima. Kiongozi anayekubali kuingia matopeni wakati wenzake wako kivulini anastahili kuambiwa hivyo hadharani.

Matokeo ni mchanganyiko. Idara ilipoitwa ilete nyaraka, kilicholetwa ni kibali cha kujenga ukuta kwenye mpaka wa kiwanja, nchi kavu. Kujaza hori hakukutajwa popote. Amri ya kusimamisha kazi ikatoka, na malori hayajaonekana tena. Hilo ni jambo la kushukuru, na silipunguzi. Lakini vifusi vilivyoziba mlango bado vipo. Kamati ilipendekeza viondolewe kwa gharama ya aliyevimwaga, pendekezo likapita, na tangu hapo linazunguka kati ya ofisi za kaunti na za kitaifa, kila moja ikisema ni kazi ya mwenzake. Mchu wa kati uliokuwa mgonjwa nao umeanza kukauka. Kikundi chetu kilitaka kuingia na majembe, tukashauriwa tusiguse kwa sababu ni ushahidi na ni ndani ya msitu wa serikali. Tunangoja, na kila bamvua linalopita bila maji kuingia ni hasara isiyorudi.

Hapa ndipo nyota moja ilipokatika. Ripoti ya kamati haikuletwa kwetu. Sisi ndio tuliopeleka ombi, na kanuni zinataka mlalamikaji ajibiwe kwa maandishi. Bunge la Taifa lenyewe limejiwekea muda maalumu wa kumjibu aliyeleta ombi. Sisi tulisikia kwa mdomo, kwenye hafla ya basari, kwamba mambo yako sawa. Nakala tulikuja kuipata kwa sababu karani wetu wa wadi alimfuatilia karani wa kamati mpaka akaipata. Mwakilishi akishalisema jambo bungeni huona ameshamaliza. Kwa mtu wa ufuoni kusema ni mwanzo. Kama hana karatasi mkononi hawezi kwenda mlango wa pili, na milango ya pili ipo.

Niitaje, kwa kuwa watu huuliza ni bora kwenda kwa MCA au mahakamani. Jirani zetu wa Lamu walipoona mradi wa mtambo wa makaa ya mawe wa megawati 1,050 unakuja Kwasasi, hawakungoja wanasiasa peke yao. Walikwenda kwenye Mahakama Maalumu ya Kitaifa ya Mazingira, na tarehe 26 Juni 2019 leseni ambayo mradi ulikuwa umepewa mwaka 2016 ikafutwa, sababu mojawapo kubwa ikiwa ni kwamba wananchi hawakushirikishwa ipasavyo. Wavuvi wa Lamu hukohuko, kuhusu bandari mpya, walipata uamuzi wa mahakama mwaka 2018 uliowatambua maelfu yao na kuwapa fidia ya zaidi ya shilingi bilioni 1.7. Owino Uhuru, Mombasa, watu walioathirika kwa sumu ya madini ya risasi kutoka kiwanda cha kuyeyushia betri walipata hukumu mwaka 2020. Katiba ya mwaka 2010, ibara ya 42, inampa kila mtu haki ya mazingira safi, na ibara ya 70 inasema huhitaji kuthibitisha kwamba wewe binafsi umepata hasara ndipo uende mahakamani. Huo ni mlango mpana sana, na wengi wetu hatuujui.

Lakini mahakama ina kalenda yake, na ukitaka kupinga uamuzi wa NEMA mbele ya mahakama ile maalumu una siku 60. Ukiwa umekaa ukingoja hotuba ya mheshimiwa, siku hizo zinakwenda. Nafikiri njia ya MCA inafaa zaidi pale mambo mawili yanapokutana: uharibifu unaendelea leo na unahitaji kusimamishwa haraka, na idara ya kaunti ina saini yake ndani. Jambo likiwa kubwa, la mradi wa kitaifa au sumu iliyoingia kwenye miili ya watoto, MCA awe shahidi wenu na msemaji wenu, lakini msimwachie usukani.

Kama wewe ni MCA na umesoma mpaka hapa, nakuomba mambo machache kwa heshima. Weka karani wa namna ya yule wetu, mtu anayeuliza lini na wapi. Kabla ya kupanga ziara yoyote ya ufuoni mpigie simu mwenyekiti wa BMU umuulize maji. Usiseme kwenye matanga. Kwenye baraza wape wanawake nafasi mapema; sisi hupewa nafasi mwishoni, jua likishatua, wakati sisi ndio tunaoingia matopeni kila siku na tunajua kome wamehamia wapi. Na jibu likitoka, lilete. Hata likiwa baya, lilete.

Nyota moja na nusu iliyobaki inahusu mlango wa mkondo na ripoti. Nitarudi kuirekebisha tathmini hii vifusi vikiondolewa. Kwa sasa, anayetaka kuitumia huduma hii aende asubuhi, siku za kazi, kabla ya saa tano, kwa sababu baadaye karani huenda makao makuu ya kaunti. Chukua picha zenye tarehe, moja maji yakiwa yamejaa na nyingine yakiwa yamekupwa, zilizopigwa kutoka mahali pamoja. Andika ombi nakala mbili. Moja waachie, ya pili igongwe muhuri wa kupokelewa mbele ya macho yako, uondoke nayo.